Ndagala za Mmoja, Mawese ya Mwingine

Mheshimiwa Jumbe, ndugu mliotumwa na Boma la Usumbura, Shehe wetu, wazee wa Rumonge, mama zangu na jirani zangu nyote, amahoro.

Mimi ni Mwamini. Mume wangu Hamissi ndiye angesimama hapa, ila ameshindwa kwa machozi. Tumekutana kuagana, maana kesho Wadachi wanatuhamisha ufukweni kwa ajili ya malale, maradhi haya ya usingizi: wazima tunapandishwa milimani, wagonjwa wanapelekwa kambini, na mama yangu Chausiku ni mmoja wao. Nitaliaga vipi ziwa, wakati mama mwenyewe sijaweza kumuaga?

Nani hapa hajui ugomvi wa mama na mkwe wangu, Bi Zuwena? Mama alianika dagaa wa ziwa letu, ndagala zisizo na chembe ya mchanga. Bi Zuwena alikamua mawese ambayo watu wa Kabonga walipiga kasia kuyafuata. Lakini alipozaliwa binti yangu Sikuzani, kila bibi alimtaka awe wake peke yake. "Mujukuu wangu hakuli mafuta ya ule mwanamuke!" Na mwenzake, "Ndagala zake azikule mwenyewe!" Mtoto akala ndagala kavu huku, ugali na mafuta matupu kule, na mimi katikati nimechoka.

Mama alipoanza kusinzia mchana, Bi Zuwena alicheka, akasema kiburi kimemchosha. Kisha siku moja mvua ikamnyeshea pale pale kwenye mchanga wa kuanikia, asiamke. Bi Zuwena alikimbia kuziokoa ndagala, akamtikisa mwenye ndagala, na mama hakumtambua.

Tangu hapo yeye ndiye anayempikia, ndagala za mmoja ndani ya mawese ya mwingine, na kumlisha kwa mkono wake. Juzi mama alifumbua macho akasema, "Weye unajua mafuta. Lakini usimwambie Zuwena, atajivuna." Bi Zuwena alilia, jamani! Sifa aliyoingoja miaka yote imemfikia kutoka kwa mtu asiyejua anamsifu nani.

Ameomba amfuate kambini. Amekataliwa. Mimi sina tena nguvu ya kuomba. Machela nimeiona, iko tayari.

Basi ndugu mtakaombeba, chukueni na chungu hiki cha mawese. Mama atauliza nani amepika. Mwambieni ni Zuwena.

Murakoze. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.