Mwalimu Amondi na Maneno ya Kugeuka

Wachungaji, wazee, walimu wenzake, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kando ya ua, mimi ni Aron, kaka mkubwa wa Kipyegon aliyefiwa na mkewe, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mwalimu wetu, ingawa wanajua nina hasira za karibu, na leo sikuziacha nyumbani.

Quinter Amondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 mjini Sotik, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Omollo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na Mama Jerusa, ambaye tuko naye hapa mbele, akafuatwa na ndugu mmoja tu, Kepher. Alianza masomo Sotik mwaka wa 1990, na mwaka wa 1992, vita vya kikabila vilipofika mtaani kwao, alitolewa dirishani nyumba ikiwaka, shingo imeungua upande mmoja, wakahamia Litein, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2002, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka wa 2005.

Alifundisha Kiingereza hapa Kiptere tangu Januari 2006, na somo lililompa sifa ni lile la maneno ya kugeuka, yanayosema kitu kilikuwa hivi na sasa kimekuwa vile. Watoto walileta majani mabichi ya chai, akayaanika dirishani, yakilegea anaandika ubaoni “wither”, wakiyafikicha yakawa meusi anaandika “darken”, kisha anapiga mstari katikati ya ubao, upande mmoja vitu vinavyoweza kurudi, kama mafuta ya kupikia yakiyeyuka, upande wa pili visivyorudi, “burn”, “rot”, “die”, kuungua, kuoza, kufa. Siku moja mtoto akamuuliza “heal”, yaani kupona, inakaa wapi, akashusha kola akawaonyesha shingo yake, akaliandika juu ya mstari wenyewe.

Alifunga ndoa na Kipyegon tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa watoto wawili, Chemutai, aliye kidato cha pili, na Omollo, aliye gredi ya sita, na kila Jumamosi alichuma chai pamoja nasi, mwanzoni vibaya sana, tukamcheka, baadaye akatushinda.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, vijana ambao mama zao wamefukuzwa kazi kwa sababu ya mashine za kuchuma chai walichoma mashine moja huko shambani kwa kampuni, wakamkimbiza dereva wake, na dereva huyo ni Kepher. Alikimbilia kwa dada yake, naye akamvalisha aproni, akambebesha kikapu, akamwingiza kwenye chai yetu katikati ya wachumaji, kwa kuwa hakuna anayemwangalia mchumaji usoni. Ni kweli, lakini hapa kwetu kila mtu huangalia mikono, na Kepher hakuwahi kuchuma kwa mkono, alikuwa aking’oa majani manne matano pamoja na kijiti badala ya mawili na chipukizi, kama mtu anayemkatia ng’ombe nyasi, na vijana waliolelewa migongoni mwa mama zao kwenye mistari ya chai walimtambua wakiwa barabarani. Waliingia na marungu na mawe, wakamvunja taya, wakamvunja mkono, wakamkanyaga akiwa chini, mpaka Amondi akaja mbio akiwaita mmoja mmoja kwa jina, maana wote aliwafundisha yeye, na wengi wakaangusha mawe, mmoja hakuangusha. Jiwe lake lilimpata Amondi juu ya sikio, akaanguka katikati ya chai, kichwa kikavimba mpaka jicho likafunga.

Aliweza kuongea hadi Alhamisi jioni, nami nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini nikitaka jina moja tu, panga nikiwa nimeshalinoa, sifichi. Aliniambia, “Shemeji, nikikutajia, wewe kesho utakuwa nani? Na huyo kijana je? Saa hii ni mtoto tu amerusha jiwe.” Nikamfokea, mgonjwa vile alivyokuwa, kwamba huyo ni muuaji tayari. “Bado sijakufa, Shemeji,” akasema, akacheka kidogo. Alifariki Ijumaa tarehe 12 Septemba, alfajiri, jina hakulitaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliombeba Kepher, ambaye yuko wodini bado, juu ya mlango walioung’oa, na walimu waliofundisha madarasa yake huku wakilia.

Sasa niseme lisiloandikwa hapa. Nyinyi vijana wa huko nyuma, najua mitungi ya maziwa mliyoficha nyuma ya ua ina petroli, na mnangoja tumalize kuzika mwende kuchoma nyumba mnayodhani ndiyo ya aliyerusha jiwe. Mnadhani tu, anayejua yumo ndani ya sanduku hili. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akikataa kulitaja jina, na bado moyo wangu unataka kwenda nanyi, lakini siendi, na nyinyi hamwendi, kwa hivyo mwageni hayo mafuta hapo langoni, mbele ya mama yake, sanduku halitainuliwa kabla ya hapo. Na wewe uliyerusha, kama umekuja, sijakusamehe, usijidanganye, lakini tukianza kurudisha udongo, shika jembe kama wengine, hakuna atakayekuuliza jina.

Mwalimu Amondi, mke wa ndugu yangu, pumzika kwa amani, sisi tutangoja hapa mpaka mitungi iwe mitupu.