Njia ya Ndeti Bwawani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Nthiwa zima hiyo simu, kwa sababu sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sina nia ya kurudia neno.

Shamba hili la Kibwezi mtagawana sawasawa, wewe na dada yako Mukami, wala asiambiwe na mtu kwamba ameshaolewa. Lakini bwawa halikatwi wala haliuzwi, hata kwa yule tajiri wako anayetaka kulizungushia ukuta ajenge hoteli. Vifaranga vya samaki, hawa ngege, nilivileta mimi kwa mitungi, watu wakanicheka, na leo kila Jumamosi familia zinatoka mjini Wote na watoto na ndoano zao, wanakaa kivulini kutwa nzima, wanarudi kwao wamechomwa na jua na wamefurahi. Najivunia kazi hiyo. Na mnajua sijaonja samaki hata mmoja, maana mama yangu alitufundisha kwamba ni nyoka wa majini.

Sasa niseme linaloniuma. Bwawa lenyewe sikulichimba mimi. Lilichimbwa na wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, kwa majembe na karai, zamu kwa zamu, bila malipo, wakiongozwa na jirani yetu Ndeti, naye baba yangu aliyetoa ardhi aliwaahidi kwamba njia yao ya kuteka maji haitafungwa kamwe. Nikaifunga. Ndeti aliniita mfuga nyoka mbele ya watu sokoni, nikakasirika, nikaweka geti na kufuli, na kwa miaka tisa mama yule amezunguka kilima na punda wake kutafuta maji, ilhali aliyochimba kwa mikono yake anayaona kutoka mlangoni. Kisha mvua ile kubwa ilipobomoa ukingo, nani alikuja na wenzake kuuziba kwa magunia ya mchanga kabla sijaita mtu? Sikumwambia hata asante. Niliona aibu, nikaifanya kuwa kiburi.

Nthiwa, ng'oa hilo geti leo, si kesho, nikiwa bado nasikia nyundo. Wageni waendelee kuvua upande wa juu, punda wanywe upande wa chini, na siku ukingo utakapobomoka tena, uchukue karai wewe mwenyewe usimame kwenye mstari na hao kina mama.

Ile supu ya samaki aliyoleta Ndeti asubuhi, niliyoikataa... ipo bado? Mukami, nipe kijiko. Kidogo tu... Ngoja nimeze.

Mh. Miaka themanini na moja, na hakuna aliyeniambia.

Mwambieni nimeimaliza... hata nikibakiza. Mungu awape maji, wanangu... na awape majirani wa kunywa nao... Nthiwa, mbona bado umekaa? Enda. Nataka kusikia nyundo.