Mama Virginie wa Tume, Aliyewapa Wajane Kamba ya Mbuzi

Séphora alinyang'anywa shamba. Shamba la kakao, kule Mabalako. Mumewe alizikwa Jumanne. Jumanne iliyofuata, shemeji yake Kitsa alisimama katikati ya shamba na panga mkononi, akamwambia asikanyage tena. Watoto wanne, hakuna shamba.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke aliyelirudisha shamba hilo. Mama Virginie wa Tume. Tumemzika juzi hapa Butembo. Tension, presha ya damu, ndiyo iliyomchukua. Mtanisamehe, siwezi kumsimulia kwa sauti ya kilio. Aliyoyafanya yananitoa kwenye kiti!

Tume yenyewe mnaijua. Ni tume ya serikali ya kuinua hali ya wanawake: vyumba viwili, benchi moja, pikipiki moja. Wanaume tuliiita ofisi ya machozi. Mimi pia niliiita hivyo, hapa hapa redioni. Nilikosea.

Virginie alizaliwa Kasugho. Aliuza maharagwe sokoni Kirumba miaka mingi kabla Tume haijamchukua. Mtu aliyeuza maharagwe Kirumba hamwogopi mtu.

Séphora alipofika kwenye benchi lile, Tume iliandika barua. Barua nzuri, mihuri mitatu. Virginie akaipeleka mwenyewe kwa Melchior, shefu mwenye ardhi ya pale. Shefu akaisoma, akaikunja, akaikalia.

"Mama, karatasi hapana kula majani. Mbuzi iko wapi?"

Desturi mnaijua. Anayelima hupeleka mbuzi kwa shefu kila mwaka. Anayemleta mbuzi, shamba ni lake. Mke anafuga, mume anashika kamba. Na Kitsa alikuwa ameshatangaza: Jumamosi analeta mbuzi.

Rébecca, binti ya Virginie, anasema mama yake alirudi nyumbani akijipiga kichwa. "Alisemaka: miye mutoto ya Kasugho, ninabeba mihuri, ninasahau mbuzi! Lakini akili yangu ilienda wapi?"

Jumamosi Virginie akarudi, safari hii pamoja na Séphora. Ua wa shefu umejaa watu. Kitsa anaingia, anavuta mbuzi jike mweupe, mnene. Séphora akamshika Virginie mkono.

"Mama, ile ni mbuzi yangu, Tantine. Alipoteaka kwangu siku ya matanga."

"Sema kwa nguvu."

"Niko na haya."

"Haya utapikia batoto? Muite!"

Séphora akaita. "Tantine! Kuya, Tantine!"

Wasikilizaji wapendwa, mbuzi yule aligeuka! Akamvuta Kitsa, mwanamume mzima, akamwangusha kwenye matope, akaenda kusimama miguuni pa mjane. Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti: "Kitsa, shika bibi yako, anakukimbia!"

Virginie hakucheka. "Shefu, mbuzi zote ulikulaka za shamba hii, nani alizifugaka?"

Shefu akamtazama Kitsa na matope yake. Akamtazama Tantine.

"Mama Séphora, leta mbuzi yako."

Akamleta. Mwanamke, kwa mkono wake mwenyewe! Shefu akaitoa ile barua chini yake, akaandika juu yake jina la Séphora. Shamba likarudi siku hiyo hiyo. Kakao anavuna yeye mpaka leo.

Tangu hapo Tume huuliza kwanza habari za mbuzi, barua baadaye. Wajane arobaini na mmoja wameshika kamba. Nasema tena: arobaini na mmoja, kutoka Mabalako mpaka Lubero!

Rébecca, na familia yote, poleni sana. Ninyi wa Tume, poleni, na asanteni. Nanyi wanaume wenzangu, mkitoka redioni nendeni uani. Mtazameni mbuzi wenu, mjiulize ni nani anayemkatia majani.

Nilimuuliza Rébecca kazi hii ilimgharimu nini mama yake. Akanijibu bila kuzunguka. Mwaka uliofuata, Virginie alitaka kushika kamba mwenyewe kule Kasugho, kwa shamba la marehemu baba yake. Mbuzi alikuwa tayari. Siku ile ile ya kumpeleka, mjane mmoja wa Mangina akamwita. Virginie akaenda Mangina. Kasugho wakaenda binamu zake, na mbuzi wao.

"Alijua atalipoteza?"

"Alijua, papa. Alisema: siwezi kuwa fasi mbili, Kasugho na Mangina."

Basi hesabu ni hii. Miaka sita ya kazi. Pikipiki moja, iliyochomwa barabarani. Mguu wake mmoja uliovunjika, haukunyooka tena. Mashamba arobaini na moja ya wengine yamerudi. Shamba moja, la kwake, limekwenda.