Moffat Wamae, Mtu Aliyeirudisha Kaskazini Mahali Pake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Moffat Wamae, Mpimaji Mkuu katika Kituo cha Nyota cha Kieni hapa Chaka, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Waandaaji wa sherehe walinipa ukurasa mmoja wa kumweleza. Nimechukua zaidi, na atakayelalamika kwanza akumbuke ni nani aliyekuwa akimshikia zamu ya Krismasi kila mwaka bila kununa.

Kwa wageni wetu waliokuja kwa sababu ya pilau, kazi yenyewe ni hii. Wamae alipima nyota iko wapi hasa, akaiingiza katika katalogi, kisha baada ya miaka akaipima tena ili ijulikane imesogea kiasi gani na inaelekea wapi. Nyota husogea, ila kwa mwendo ambao ungemfanya kobe ajione pikipiki. Siku hizi setilaiti hufanya kazi hiyo, tena vizuri kutushinda, lakini zile nyota zinazong'aa kupita kiasi huzipofusha kamera zake, na hizo ndizo tulizoachiwa sisi. Mama mkwe wake kule Mweiga alielewa kwamba serikali imemwajiri ahakikishe hakuna nyota iliyoibiwa. Wamae hakumsahihisha. Kila alipokwenda kumsalimia alimpa ripoti kwamba zote zipo, naye mama akamchinjia kuku.

Alikuja kwetu akiwa kijana mwenye digrii ya hisabati na suruali fupi kidogo, na tabia aliyokuja nayo hakuiacha. Hakuweza kusema kitu kiko "hapo tu." Ukimuuliza birika iko wapi, alianza na kaskazini. Aliwahi kumweleza mchungaji wake kwamba kanisa halikuelekea mashariki kama lilivyodai, na kwa ajili ya amani akaingizwa katika kamati ya ujenzi, ambako alinyamazishwa kwa mikutano.

Sasa tufike kwenye mambo ya mwaka huu, maana bila hayo wasifu huu ungekuwa orodha ya semina.

Darubini yetu haizunguki ovyo. Imefungwa ili iinuke na kushuka juu ya mstari mmoja tu, kutoka kusini hadi kaskazini, na nyota inapoukata mstari huo ndipo tunapoipima. Kwa hivyo kila kitu kinategemea kujua kaskazini ni wapi. Wenzetu wa nchi za mbali na Ikweta huisoma kwa nyota zinazozunguka juu ya ncha ya dunia bila kuzama. Sisi tuko karibu na Ikweta, na kwetu nyota hizo zimelala chini kabisa kwenye vumbi la Kieni, hazionekani. Ndiyo sababu ng'ambo ya bonde kuna nguzo nyeupe, iliyosimamishwa kaskazini hasa. Darubini huelekezwa kwayo asubuhi na jioni, ikathibitishwa kwamba haijapotoka, ndipo kazi iendelee.

Nguzo ya kwanza ilikuwa ya chuma, ikaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ya pili ilikuwa ya mbao na ilipika githeri, yale mahindi na maharagwe, ya mtu ambaye hatujamjua hadi leo. Wamae akaketi, akafikiri kama mzaliwa wa huku. Alijenga nguzo ya zege juu ya msingi mzito wenye msumari wa shaba katikati, kisha akaizungushia matoka, yale maua ambayo Wakikuyu hupanda kwenye mipaka ya mashamba, na safu yake akaileta mpaka kwenye ua wa kituo. Huku kwetu mtu anaweza kuiba ng'ombe na bado akalala, lakini kung'oa matoka ya mpakani ni kujitafutia laana. Nguzo haikuguswa tena. Makao makuu yalimpongeza kwa kubuni mlinzi asiyelipwa mshahara.

Ambacho makao makuu hayakufikiria ni kwamba ukipanda matoka, umeweka mpaka. Mashamba ya bondeni yaligawanywa na kuuzwa. Bi Kagure, mkulima wa viazi, akanunua upande wa mashariki wa safu yetu. Bwana Mugo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akanunua upande wa magharibi. Kila mmoja alilima hadi kwenye maua, akamshukuru Mungu kwa kumpa mpaka usio na utata. Hivyo ndivyo kaskazini ya sayansi ilivyogeuka kuwa ya kutenganisha viazi na ng'ombe.

Mapema mwaka huu ng'ombe wa Mugo walivuka wakala sehemu nzuri ya viazi vya Kagure. Wazee wakiongozwa na Mzee Theuri walisikiliza kesi, wakaamua Mugo afidie kwa ukanda wa ardhi. Kwa kuwa wote walikubaliana, mbuzi alichinjwa na matoka yakahamishwa kwa utaratibu unaostahili. Nguzo nayo wakaivunja kutoka kwenye msingi wake, wakaisimamisha ndani ya shamba la Mugo na kuipaka chokaa upya, kwa heshima ya kituo. Askari wetu wa lango alialikwa, akala mbavu, akaona ni mambo ya majirani. Wamae mwenyewe alikuwa likizoni Kerugoya, amemsindikiza mpwa wake kupeleka mahari.

Darubini ikaifuata nguzo kama ilivyofunzwa. Mara nyota zote za kaskazini zikaonekana zimekimbilia mashariki, na za kusini zimekimbilia magharibi, mithili ya wachuuzi waliotawanywa na askari wa kaunti. Ofisi ililipuka kwa furaha. Mkurugenzi wetu, Dkt. Nimesh, ambaye saruji ya ile nguzo ilitoka katika duka la babake mjini Nyeri, aliagiza soda kwa wote na kuanza kuandika taarifa kwa waandishi wa habari. Wamae alirudi, akazitazama hesabu bila kuvua koti. Aliona kwamba nyota za juu ya utosi hazikutikisika hata kidogo. Mbingu yote, kwa hesabu hizo, ilikuwa imezunguka na mhimili wake ni Chaka. Alisema wafanyabiashara wa Chaka wangefurahi kusikia hivyo, lakini yeye hakubali. Akafuata matoka kwa miguu hadi alipoona udongo mbichi.

Hapo kicheko kilimtoka, kisha kikamwisha, na naomba mtuelewe kwa nini. Katalogi ya Kieni, kazi ya maisha yake, ilikuwa ipelekwe mwaka huu kwa wanaounganisha katalogi za dunia, ikiwa na sahihi yake kabla hajastaafu. Mwendo wa nyota unahitaji ncha mbili: ilikuwa wapi zamani, na iko wapi sasa. Ya zamani tulikuwa nayo. Ya sasa ilikuwa imezikwa pamoja na msumari wa shaba chini ya viazi vya Kagure, kwa sababu nguzo iliyohamishwa ilikosa msingi na kuyumba kila mvua iliponyesha, hata kosa lake lisiweze kukokotolewa. Mtu mmoja alipendekeza tuisahihishe kaskazini yetu kwa katalogi za wenzetu. Wamae alijibu kwamba hapo tutakuwa tumenakili jibu la mwenzetu, kisha tukajisifu kwamba tunalingana naye. Bila ile nguzo pale ilipokuwa, miaka yake thelathini na minne ilikuwa bure.

Alimwendea Kagure kumwomba ruhusa ya kusimamisha japo kijiti juu ya msingi wa zamani. Kagure ni mama mpole, lakini viazi ni viazi. "Sitaki kitu imesimama kwa waru zangu," alimwambia. "Leo ni kijiti, kesho ni mpaka." Akamwendea Mzee Theuri, ambaye alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, akasikitika kwa dhati. "Hiyo kaskazini yenu mngetuambia mapema, mwalimu. Sasa mbuzi ishaliwa."

Hata hivyo Mzee Theuri si mtu wa kumfungia mwenzake mlango. Alisema ikiwa Kagure atapata ukanda kama ule mahali pengine, wazee wako tayari kuketi tena, na mbuzi mwingine hawatamkataa. Na kwa upande wa pili wa shamba la Kagure kulikuwa na ploti inayopakana nalo. Ploti hiyo ilikuwa ya Wamae.

Hapa lazima niwajulishe Bi Waithira, mkewe. Tangu aolewe amepika kwenye veranda ya nyumba za wafanyakazi, jiko lake kati ya mlango wa jirani na bomba la maji, mvua ikimnyeshea sufuria. Ploti ile ilinunuliwa kwa ajili ya uzee wao, na ramani ya nyumba ilianza na jikoni: jikoni ya ndani, yenye dirisha la kuutazama Mlima Kenya anapomenya viazi. Ramani hiyo aliibandika ukutani, wageni wote wameoneshwa. Ukanda aliouhitaji Kagure ulipita katikati ya jikoni.

Wamae alimweleza mkewe usiku huohuo. Bi Waithira alimpakulia chakula, akaenda kulala. Kesho yake alimpakulia tena, akaenda kulala. Kazini tulimwona mtu aliyejua mahali pa kila kitu mbinguni, lakini hajui aketi wapi nyumbani kwake.

Siku ya baraza tulikwenda sote, wengine kwa upendo na wengine kwa mbuzi. Naibu wa chifu alieleza kwamba ardhi ya mume haiwezi kutolewa mke asipokubali, akamgeukia Bi Waithira na kumuuliza mbele ya watu. Wamae alikuwa anaangalia viatu vyake. Bi Waithira alisimama, akajifunga leso vizuri, akangoja kikohozi cha Mzee Theuri kiishe.

"Huyu mzee hajawahi kuniomba kitu," alisema. "Hata chumvi anajichukulia. Chukueni hapo pa jikoni. Lakini hizo nyota zikipatikana, nisisikie tena ati zimepotea."

Nilimwona Wamae akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri, na mimi nasema siku ile moyo uliotoa haukuwa wa mwanasayansi.

Mbuzi wa pili alichinjwa. Kagure alipata ukanda wake mpya, Mugo akarudishiwa wake baada ya kuahidi kulipa viazi kwa maziwa, na matoka yakarudi yalikotoka. Nguzo ilijengwa upya juu ya msumari wa shaba. Wamae alipoielekezea darubini, nusu ya kijiji ilikuwa imepanda ukuta wetu kuona kama kaskazini imerudi. Ilirudi. Nyota zote zikakaa pale zilipotarajiwa, kila moja na mwendo wake mdogo halali, na katalogi ikaenda na sahihi yake. Wapokeaji waliuliza kwa nini vipimo vya miezi kadhaa vimeachwa nje. Aliandika kwamba ni kwa sababu ya ardhi. Wakauliza kama ni tetemeko. Akawajibu kwamba tetemeko lingekuwa nafuu, halihitaji mbuzi. Katalogi ilikubaliwa mwezi uliopita, yote.

Nyumba yao imekwisha kujengwa. Ni nyembamba kiasi kwamba wageni wawili wakikutana mlangoni, mmoja hurudi nyuma. Sisi wafanyakazi tulichanga, na badala ya saa ya ukutani tukamjengea Bi Waithira jikoni nzuri ya mawe, yenye dirisha linaloutazama mlima. Kwenye ploti hapakubaki nafasi, na pahali pekee palipopatikana, kwa ruhusa ya Dkt. Nimesh, ni pembe ya ua wa kituo, kando ya matoka. Tulipoezeka bati ndipo mmoja wetu alipogundua kwamba kila jioni moshi utapita katikati ya darubini na nguzo, saa ileile ya kupima. Tulipendekeza gesi. Bi Waithira alisema githeri ya gesi ni chakula cha wagonjwa.

Wiki jana Dkt. Nimesh aliitisha kikao tujadili kuihamisha jikoni. Huyu Wamae ndiye aliyekataa kuahirisha kipimo cha jioni hata siku ya harusi yake. Bibi harusi alingoja, pamoja na mchungaji. Alisikiliza hoja zote, akainuka, na hiki ndicho alichosema katika kikao chake cha mwisho: "Wacha kaskazini ingoje. Mama anapika."

Basi imepitishwa na imebandikwa ubaoni. Kuanzia Jumatatu, kipimo cha jioni katika Kituo cha Nyota cha Kieni kitafanywa Bi Waithira akishaipua sufuria.

Bwana Wamae, asante kwa kila nyota. Bi Waithira, asante kwa Bwana Wamae. Tunawaombea afya, wajukuu, na siku zenye nafasi kuliko ile ploti.