Mwalimu Aliyeuliza Kwa Nini Sinywi Maji

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Najua mmeniona nikiingia kwa kutambaa, kandambili mikononi, na wengine mmejiuliza huyu anashuhudia nini. Mmezoea kwamba ushuhuda wa miguu mtu anaumaliza akiwa amesimama. Mimi nitaumaliza hapa hapa sakafuni. Naomba mnivumilie.

Nilikuwa mrina asali hapa Sikonge, kijana mwenye nguvu zangu na majivuno kidogo. Siku moja kamba ilikatika nikiwa juu ya mti, karibu na mzinga. Niliangukia mgongo. Wenzangu walinifunga kwenye baiskeli kama mzigo wa tumbaku wakanisukuma hadi barabara kubwa. Hospitali walifanya walichoweza, lakini miguu haikurudi.

Ndugu zangu, hapo ndipo mateso yangu yalipoanza! Mama yangu, ambaye nyumbani tulimwita Mayu, alikuwa mwombaji kwelikweli. Kila mkutano wa injili uliopita alinipeleka. Nilibebwa mbele, nikashikwa makwapani, nikainuliwa, vigelegele vikapigwa, wakaniachia. Nikaanguka. Mkutano mwingine, nikaanguka tena. Nilifika mahali nikawa fundi wa kuanguka bila kuumia! Watu walirudi makwao wakinong'ona kwamba nyumba ile ina jambo. Mayu alivumilia yote. Aling'arisha viatu vyangu na kuviweka tayari kwa siku nitakayosimama. Mimi nikaishi chumba cha nyuma, nikisikiliza wageni wakija na kuondoka. Nilitamani kufa, na sioni aibu kulisema hilo kanisani.

Kisha akaja Mwalimu Zuhura. Ni mwanamke wa Ng'ambo, pale Tabora mjini, Mwislamu safi, anafundisha ushonaji katika chuo cha wananchi. Alipita kijijini kwetu akitangaza nafasi. Alisema hawamkatai mtu kwa kukosa cheti, wala kwa umri, na hata wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito wanapokelewa pamoja na watoto wao. Jirani yetu mmoja akaninyooshea kidole kwa utani: "Hata huyu?"

"Huyu ndiye niliyemfuata," akasema Mwalimu.

Mayu alikataa. "Mwanangu, ukijifunza kazi ya kukaa, utakaa." Kwake yeye, kwenda chuo ilikuwa kumwambia Mungu basi, imetosha, sihitaji tena uponyaji. Tulilia wote wawili. Nilikwenda, na hakutoka nje kuniaga.

Chuoni cherehani zote zilikuwa za kukanyaga kwa miguu. Mwalimu akanitafutia ya kuzungusha kwa mkono. Darasa lilikuwa na ngazi, wenzangu wakawa wananibeba huku wakinitania kwamba nakula sana. Nilicheka nao. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Choo kilikuwa na ngazi, mlango mwembamba, na tundu sakafuni. Mtu anayetembea kwa mikono, ndugu zangu, mikono hiyo hiyo anayolia chakula, naye ameumbwa na haya kama ninyi. Basi niliamua kutokunywa maji. Na jua la Tabora mnalijua! Midomo ilipasuka, kichwa kiligonga, sindano nikawa naiona mbili. Wakristo wenzangu walidhani nafunga na kuomba, wakanisifu. Moyoni nilikuwa nimeshafunga virago.

Mwalimu Zuhura hakudanganyika. Alikuja akakaa sakafuni mbele yangu.

"Wewe si Mwislamu, na huu si mwezi wa Ramadhani. Mbona hunywi maji?"

Nikaendelea kuzungusha cherehani.

"Niambie kama unavyomwambia mama yako."

Sikuwa nimemwambia hata mama yangu. Nikamwambia yeye, nikalia mpaka nikapaliwa. Hakunipa pole. Aliinuka akaenda moja kwa moja kwa wanafunzi wa uashi. Hao kazi yao ilikuwa kujenga ukuta wa mazoezi, mwalimu wao akague, waubomoe, wajenge tena. Akawaambia, "Safari hii jengeni kitu kitakachobaki."

Wakajenga! Mteremko wa saruji hadi mlangoni pa darasa, mwingine hadi chooni. Wakapanua mlango, wakaniwekea kiti cha saruji, na wale wa uchomeleaji wakaleta vyuma vya kushikilia. Saruji ilipokauka nilishuka mwenyewe, nikapanda mwenyewe, kisha nikaomba kopo la maji, nikalimaliza lote mbele ya watu. Haleluya! Hiyo ndiyo siku niliyofunguliwa, ndugu zangu. Sikuinuliwa na mtu.

Nilimtumia Mayu salamu aje aone. Hakuja. Likizo ilipofika nikamkuta amekonda, anakohoa. Nilimwambia nataka kumshonea gauni. Fundi anayepima pindo hupiga magoti. Mimi nilikuwa tayari chini. Akanitazama kutoka juu, akasema polepole, "Mwanangu, kumbe nilikuwa nakuombea vibaya?"

Nikanyoosha utepe wa kupimia. Nikasema, "Mayu, simama wima, pindo lisiende upande."

Nikarudi chuoni na kitambaa. Gauni lilikuwa limebaki pindo tu nilipopigiwa simu kwamba Mayu amefariki. Nilimalizia kwa mkono ndani ya gari nikienda msibani, machozi yakilowesha nguo. Alizikwa nalo. Lilimkaa vizuri, kila mtu alisema. Lakini mikono hii ikishona hakuiona, na swali lake halikujibiwa. Uchungu huo ninao hata sasa ninapozungumza nanyi.

Namshukuru Mungu aliyesikia maombi ya Mayu na kuyajibu kwa koleo na saruji, kwa mikono ya vijana waliokuwa wakijifunza tu. Msiniombee miguu leo. Nina neno kwa mzazi mmoja aliye humu, anajijua mwenyewe, aliyemwacha mtoto wake, mlemavu kama mimi, ndani ya nyumba akaja ibadani peke yake. Mama, baba, mtumaini Mungu, umtoe mtoto nje. Chuo kinapokea. Mpeleke wewe mwenyewe, ukae pembeni, umtazame akifanya kazi, maadamu ungali hai.