Fimbo Isiyokunjika

Samaki mkunje angali mbichi, lakini fimbo ya kumvulia isikunjike kamwe. Kwa imani hiyo Rhoda alipanda basi la Handeni na mwanzi wake mnene.

"Mwanangu, huo ni wa kuvulia au wa kujengea?" akauliza mzee wa kiti cha jirani.

"Shikamoo, mzee. Wa kuvulia. Bwawani kwetu kambare hulala chini ya magugu. Akishika chambo unamnyanyua papo hapo, ama sivyo anajificha kwenye mizizi."

"Ufito mwembamba humchosha samaki."

"Humchosha mvuvi. Jumapili nilivulia ufito wa mti wa mkole nilioununua Ngombezi. Ukapinda, kambare akaenda zake na ndoano, na wakwe wa dada yangu wakala mchicha. Fito zile hata mbuzi hazimswagi."

Abiria wakacheka. Mzee hakucheka.

"Fito za Ngombezi nachonga mimi, Castory, mwaka wa thelathini huu. Niombe radhi."

Rhoda aliukumbuka vizuri mchicha ule. Basi likasimama Chanika. Akauchukua mwanzi wake.

"Shikamoo nimekupa, mzee, na tukikutana kesho nitakupa tena. Radhi siombi."