Nahodha Polepole na Kimya cha Matetini

Marehemu, ambaye wengi walimwita Polepole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza ufundi wa injini kwa mjomba wake.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuendesha boti za matembezi ziwani. Huko aliona kwamba boti ikipita kasi karibu na matete, samaki wanaolinda mayai hutimuka, tope hufunika viota, na propela hukatakata majani wanamojificha wadogo. Tangu hapo, akifika matetini alizima injini na kupiga kasia. Abiria walimtania kwamba hata bata wanampita.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986. Nyumbani alitengeneza injini za watu na kuzijaribu kwenye pipa la maji, chini ya dirisha la watoto. Jumapili, siku yake ya mapumziko, alitoka mapema na kurudi na suruali iliyolowa hadi magotini, uso umemnawiri. Mkewe, ambaye hapitwi na jambo, alinusa mashati, akadodosa majirani, mwisho akamwambia: "Nipeleke nikamwone huyo mwenzangu."

Akampeleka. Injini ikazimwa, na chini ya maji yaliyotulia samaki mmoja alikuwa akizunguka kiota chake.

"Sema taratibu, mama watoto," marehemu alinong'ona. "Akishtuka akakimbia, mayai yanaliwa."

Mkewe alimkazia macho yule samaki kama anayemtazama mke mwenza. "Wanao wanne wanalala injini zinanguruma dirishani. Mbona sisi hujawahi kutuzimia?"

Jioni ile marehemu alilibiringisha pipa hadi kazini, na halikurudi tena.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Hospitalini aliulizia kwanza kama boti zinapita taratibu matetini, ndipo akaulizia magoti ya mkewe yaliyokuwa yakimuuma. Mkewe akamjibu kwamba samaki hawajambo, naye mwenyewe hajambo, maadamu ameulizwa. Marehemu alicheka hadi akakohoa. Alifariki tarehe 2 Mei mwaka huu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na dada mmoja.

Wenye boti waliomba kumuaga kwa kuungurumisha injini. Mjane amekataa, amewaomba wazizime zote hadi jua litue. Kimya cha leo ni cha mume wake. Samaki wakifaidi, wafaidi tu.

Mungu amlaze pahali patulivu.